Alhamisi za Bi Tharratt

Colette Suddaby si mtu wa mizimu. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimepakana naye nyumba hapa Hull kwa miaka mingi, na sijapata kumwona mwanamke mgumu wa kuamini mambo kama yeye. Nyanya yake alikuwa mmoja wa wake wa wavuvi wa Hessle Road, wale ambao hawakufua nguo siku mume anapoondoka na meli, wakiogopa kwamba maji ya kufulia yangemkokota mume baharini. Colette alikua akiyacheka hayo. Alikwenda Bradford kusomea ufamasia, akarudi, na tangu hapo dunia kwake ikawa ni vitu vyenye kipimo. Ukizidisha, kinaua. Ukipunguza, hakitibu. Basi.

Duka la dawa alilolisimamia lilikuwa katikati ya kinyozi na muuza chipsi. Asubuhi lilinukia sabuni na dawa ya kikohozi, na ikifika saa sita mchana linanuka mafuta ya kukaangia samaki. Mbele kwenye kaunta alikaa Bev, mama mwenye sauti kubwa aliyejua habari za kila mlango wa mtaa ule. Nyuma alikuwepo Colette na vidonge vyake. Na nje, kwenye gari dogo jeupe, alikuwepo Clive Ombler, aliyewapelekea wazee dawa majumbani.

Wazee hao hawakupewa chupa. Walipewa boksi la wiki: karatasi ngumu yenye vishimo vya plastiki, kila kishimo kina vidonge vya wakati wake, asubuhi, mchana, jioni na kulala. Mfamasia hupanga, huziba kwa mkono wake, kisha hutia sahihi. Mzee kazi yake ni kubonyeza tu.

Bi Edna Tharratt alikuwa mmoja wao. Alipita miaka themanini na tano, moyo wake ulikuwa umechoka, na alitembelea mkongojo wa miguu minne. Mumewe, Walter, alizama na meli ya uvuvi upande wa Iceland wakati wa baridi, wakiwa bado vijana. Maiti haikuonekana. Habari ililetwa na mtu wa misheni ya wavuvi aliyekuja kubisha hodi mlangoni, na tangu siku hiyo Bi Tharratt hakuweza kustahimili mlango kugongwa. Kwa hiyo siku akitarajia mgeni, aliuacha mlango bila kufungwa. Clive alikuwa akisukuma tu na kuita, "Ni mimi, Edna," naye humkuta ameshamimina chai vikombe viwili.

Siku yake ilikuwa Alhamisi.

Mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, duka lilinunuliwa na kampuni kutoka mbali. Ikaleta meneja wa kanda, Gareth Pell, mwanamume wa viatu vinavyong'aa aliyependa kusimama katikati ya duka na kutazama kuta kama mtu anayepima pazia. Wiki ya pili akasema wazee wasipelekewe tena dawa bure.

"Bi Tharratt hawezi kuja, Gareth," Colette alimwambia. "Anatembelea mkongojo."

"Basi atembee nao mpaka hapa. Mazoezi yanasaidia moyo." Akacheka peke yake. "Colette, wewe unaendesha duka au kituo cha yatima?"

Clive akaachishwa. Aliacha funguo za gari juu ya kaunta, na Bev akashinda siku nzima akipanga upya chupa zilizokwisha kupangwa.

Ikabaki kumpigia simu Bi Tharratt. Colette aliisukuma kazi hiyo mpaka jioni. Alipomweleza, kikongwe akauliza kwa upole, "Sasa nani atakuja, kipenzi?"

Hakuuliza nani ataleta dawa. Aliuliza nani atakuja.

"Mimi," Colette akasema. "Kila Alhamisi, nikitoka kazini. Acha mlango wazi."

Na alikwenda. Alhamisi ya kwanza alikwenda, akanywa chai. Ya pili pia alikwenda, ila hakukaa. Ya tatu, msimu wa chanjo ya mafua ulikuwa umepamba moto, foleni ilitoka nje mpaka kwa kinyozi, na Gareth Pell alikuwa amesimama dukani akihesabu mikono iliyochomwa sindano. Walipofunga, miguu ya Colette ilikuwa imevimba kama mikate. Alilitazama boksi la Bi Tharratt rafuni. Akasema, kesho. Kesho yake msaidizi mmoja akaugua. Akasema, Jumatatu. Jumatatu akapiga simu ikaita na kuita. Akajiambia labda amekwenda kwa mwanawe Malcolm, Doncaster.

Sasa sikilizeni lililo baya kuliko yote, maana Colette mwenyewe ndiye aliyenieleza, jikoni kwangu, huku akitazama sakafu. Alhamisi iliyofuata alipanga boksi jingine la Bi Tharratt. Akaliziba, akatia sahihi. Akaliweka rafuni juu ya lile la kwanza ambalo halijachukuliwa. Mfamasia, mtu anayejua moyo ule unahitaji nini kila asubuhi, aliyaona maboksi mawili yamepandana, akageuka akamhudumia mteja aliyefuata.

Clive ndiye aliyemkuta. Alikuwa akipita tu kumsalimu, mtu asiye na kazi na mwenye muda. Alisukuma mlango, haukufunguka vizuri, kwa sababu Bi Tharratt alikuwa amelala nyuma yake, ukumbini, mkongojo umemwangukia. Daktari alisema ni moyo, na kwamba alikuwa pale kwa zaidi ya wiki.

Clive alikwenda moja kwa moja dukani. Aliipita foleni yote, akamwinamia Colette kwenye kaunta.

"Mlango ulikuwa wazi," akanong'ona. "Alikuwa amekuachia wazi."

Akatoka.

Kampuni ilitoa tamko kwamba taratibu zote zilifuatwa. Gareth Pell akamkataza Colette kwenda mazikoni, eti watu wangeona kama anakiri jambo. Naye hakwenda. Saa ya mazishi alikuwa akimchoma chanjo dereva wa lori, na sindano ilikwenda vizuri kabisa.

Dawa za marehemu lazima ziharibiwe. Colette aliyachukua yale maboksi mawili mbele ya Bev, akabonyeza kidonge kimoja kimoja kikaanguka kwenye pipa la dawa zilizokufa, akamwagia maji ya kuviyeyusha, akafunga kifuniko. Maboksi matupu akayakata kwa mkasi. Jina la Edna Tharratt likafutwa kwenye kompyuta.

"Basi, bosi," Bev alisema taratibu. "Yamekwisha."

Yalikuwa hayajaanza.

Wiki mbili baadaye Colette alichukua mapumziko ya Alhamisi. Nafasi yake ilishikwa na Wiktor Zaleski, mfamasia wa Kipolandi aliyezunguka maduka mengi ya mji na aliyekuwa hajawahi kufanya kazi pale. Ijumaa asubuhi alimpigia simu kumkabidhi mambo ya jana. Alimaliza ya muhimu, kisha akasema, "Ah, na yule bibi yako wa mkongojo alikuja. Nimempa boksi lake."

"Bibi yupi?"

"Mwembamba, koti la kijani. Alikaa pale kwenye kiti karibu na mzani, Bev akiwa amekwenda kula chakula cha mchana. Mwenye furaha sana."

Colette aliketi. "Wiktor. Boksi ulilitoa wapi?"

"Rafuni. Lilikuwa na sahihi yako. Nimekosea kitu?"

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie Colette asihangaike. Nitakuwa nazifuata mwenyewe mpaka apate nafasi."

Kamera ya duka ilikuwa mbovu tangu kiangazi, Gareth alikataa kulipia fundi. Colette alimwuliza Wiktor jina lililokuwa kwenye boksi. Akamtajia herufi kwa herufi.

Bi Tharratt alizikwa na koti la kijani. Bev alikuwepo mazikoni, na alilitaja.

Colette hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba Wiktor amechanganya, kwamba boksi moja lilibaki, kwamba kikongwe mwingine amejichukulia dawa zisizo zake. Jambo hilo la mwisho lilitosha kumtia mfamasia yeyote jasho, nalo ndilo alilochagua kuliogopa, maana lilikuwa na kipimo. Akalipekua duka. Hakuona kitu.

Alhamisi iliyofuata, alipokuwa akifungua mfuko wa dawa zilizorudishwa na wateja, akalikuta. Boksi la wiki, tupu. Vishimo vyote vimebonyezwa, asubuhi mpaka kulala, hakuna kilichorukwa. Jina, Edna Tharratt. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile. Sahihi ilikuwa yake, na haikuwa ya kuigizwa. Ile herufi ya mwisho anayoivuta chini kwa haraka ilikuwa imevutwa hivyo hivyo.

Alilikata vipande vidogo vidogo.

Wiki ile chai ikaanza kuwa na ladha ya chuma kinywani mwake.

Alidhani ni birika. Akanunua jipya. Kisha chakula kikamkinaisha. Pati ya viazi na chipsi zenye viungo vyekundu, mlo aliokulia, alivitazama tu vikapoa kwenye karatasi. Asubuhi alitapika maji matupu. Bev akamwambia, "Umekonda, bosi. Mwanamume au ugonjwa?" Colette akacheka kidogo, akamwambia ni uchovu.

Kisha ikaja ile rangi.

Kwanza taa za muuza chipsi zilizungukwa na duara la manjano. Halafu koti lake jeupe likaonekana kama limelowekwa kwenye chai. Halafu nyuso za wateja. Halafu ukungu wenyewe, ule unaopanda kutoka mto Humber na kukaa mitaani siku nzima, ukawa wa manjano kama usaha. Colette alisimama dirishani akiutazama. Alijua. Kila mfamasia anajua ni dawa gani ya moyo inayomgeuzia mtu dunia kuwa ya manjano ikimzidi mwilini. Ni digoksini. Alikuwa ameipanga mwenyewe kwenye vishimo vya asubuhi vya Bi Tharratt, miaka nenda miaka rudi.

Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa polepole, yakikatika, kama mtu anayepanda ngazi akipumzika kila hatua.

"Nitoke kidogo," alimwambia Bev.

Ilikuwa Alhamisi, mchana, na taa za barabarani zilikuwa zimewashwa kwa ajili ya ukungu. Huko mtoni meli ililia honi, nyingine ikaijibu. Colette hakuwa na sababu iliyonyooka ya kwenda. Aliniambia alitaka kuona tu kwamba nyumba imefungwa. Kwamba mlango umefungwa.

Mlango haukuwa umefungwa.

Ulikuwa wazi kiasi cha unene wa kidole.

Alisimama pale kwenye ngazi, mkono juu ya ubao. Hakugonga. Hata akiwa katika hali ile alikumbuka kutogonga.

"Ni mimi," akasema. "Ni Colette."

Nyumba ilikuwa imeshahamishwa vitu. Zulia lilikuwa limeng'olewa, kuta zina alama za mraba palipokuwa na picha. Hewa ilikuwa baridi kuliko ya nje. Na kutoka jikoni, waziwazi, alisikia kijiko kikikoroga kikombe.

Akaenda.

Kijiko kikanyamaza.

Jikoni hapakuwa na mtu. Hapakuwa na meza, wala kiti, wala birika. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na maboksi ya wiki, yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine. Colette aliyafunua kwa ncha ya kidole. Tupu. Tupu. Tupu. Moja kwa kila wiki tangu mazishi. La juu kabisa lilikuwa la wiki ile. Vishimo vya jana vimebonyezwa. Cha leo asubuhi kimebonyezwa. Cha leo mchana kimebonyezwa.

Cha jioni bado kilikuwa na vidonge.

Nyuma yake, ukumbini, kitu kikagonga ubao wa sakafu.

Tok.

Kisha mburuzo wa viatu vya nyumbani.

Tok.

Colette alitazama kioo cha dirisha. Nje ukungu, ndani giza. Alijiona mwenyewe tu, uso wa manjano. Hakugeuka.

Tok. Kikasimama.

"Umechelewa, kipenzi."

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri na ambaye bado anafurahi umefika.

"Nisamehe, Bi Tharratt," Colette akanong'ona.

"Za kwako umekunywa?"

"Mimi sina dawa. Sijaandikiwa dawa."

Akahisi pumzi shingoni, baridi, yenye harufu ya chai iliyolala.

"Mimi sizihitaji tena," ile sauti ikasema. "Na ulizipanga vizuri hivyo. Nimekuwa nikikunywesha wewe."

Colette hajui alivyotoka. Anakumbuka komeo la mlango wa nyuma, anakumbuka kichochoro na mapipa ya taka, anakumbuka kupiga magoti barabarani mbele ya gari lililokuwa linaegeshwa. Aliyeshuka kwenye gari hilo alikuwa Malcolm Tharratt, mwana wa marehemu, mwanamume mnene wa makamo, funguo mkononi.

"Wewe ni wa duka la dawa," Malcolm alisema. Hakumsaidia kuinuka mara moja. "Unatafuta nini nyumbani kwa mama yangu?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Nimeufunga mwenyewe wiki iliyopita. Funguo zote ninazo."

Wakaenda kuutazama pamoja. Ulikuwa umefungwa kwa funguo mbili. Malcolm akafungua, wakaingia, Colette akimshika mkono wa koti kama mtoto. Kizingiti cha dirisha la jikoni kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo, limesukumwa mpaka mwisho, kwa ndani.

Malcolm alisimama katikati ya jiko lile tupu, akatazama huku na huku, na mdomo wake ukapinda.

"Ajabu kweli," akasema. "Sasa hivi kila mtu anapata nafasi ya kuja."

Sijui alikuwa anamsema Colette au anajisema mwenyewe.

Siku mbili baadaye Colette alianguka nyuma ya kaunta, katikati ya kumweleza mteja dawa ya masikio. Bev aliita gari la wagonjwa, akamshika mkono njia nzima. Hospitali walimpima damu. Daktari, mwanamke wa Wales aitwaye Anwen Pugh, alikuja, akavuta pazia na kuketi kitandani kabla hajasema.

"Unatumia digoksini?"

"Hapana."

"Ipo kwenye damu yako. Nyingi. Na si ya siku moja, Colette. Umekuwa ukiipata kwa muda."

Colette alitazama dari. "Na nini kingine?"

"Unamaanisha nini?"

Colette akamtajia. Dawa ya presha. Dawa ya kupunguza maji mwilini. Dawa ya usingizi, kiasi kidogo, usiku. Alizitaja kwa mpangilio wa vishimo, asubuhi mpaka kulala. Daktari Pugh akaenda akapima hizo pia. Aliporudi hakukaa kitandani tena. Alisimama mbali.

"Zote zipo," akasema. "Nani anakupa?"

Colette akamwambia kweli. Sasa fikirini wenyewe. Mfamasia aliyezungukwa na dawa kutwa, ana kisa cha kikongwe aliyekufa kwa kusahauliwa, anaanguka akiwa na dawa za kikongwe huyo mwilini. Wakaleta daktari wa akili. Wakachukua mkoba wake, viatu vyake, hata dawa yake ya meno. Wakamwekea mtu wa kumlinda.

Gareth Pell hakuja. Alipiga simu. "Tumekagua stoo," alisema. "Hakuna kidonge kilichopungua, hata kimoja. Lakini unajua inavyoonekana." Akamsimamisha kazi na kumripoti kwa wanaosimamia wafamasia, na kabla ya Krismasi akapandishwa cheo akahamia ofisi kubwa. Yeye hajapata kuugua hata mafua. Hakuna sauti iliyomfuata, hakuna aliyemngoja kwenye kiti. Nimelifikiria hili mara nyingi. Huenda wafu nao hawawezi kumwendea mtu ambaye hawakuwahi kumwekea mlango wazi.

Bev aliacha kazi mwezi uliofuata. Alipomtembelea Colette alileta zabibu, akaziosha, akala yeye mwenyewe zote kwa woga, akilia. "Ningekwenda mimi," alikuwa akisema. "Naishi mitaa miwili tu. Mbona sikwenda?" Clive hakuja kabisa.

Wodini hali ilikuwa hivi. Kuanzia Jumapili, damu ilianza kusafika. Jumatatu ilikuwa nafuu. Jumatano rangi ya manjano ilikuwa imeondoka, akala wali na kuku, akaomba gazeti. Alhamisi jioni walipompima, dawa zilikuwa zimepanda tena. Na mlinzi hakuwa ameondoka kitini.

Wakabadili mlinzi. Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile.

Ya baada yake akawekwa Lorraine Gant, muuguzi mkongwe, mama asiyependa upuuzi, aliyewahi kukamata wagonjwa wakificha vidonge kwenye nywele na kwenye meno ya bandia. Ni yeye aliyenieleza sehemu hii, maana Colette haizungumzii, na Lorraine aliniambia mara moja tu na hataki kuulizwa tena.

Alimkagua asubuhi. Mikono, kucha, masikio, chini ya ulimi. Hakupata kitu. Shuka zilibadilishwa mbele yake. Akavuta kiti akakaa uso kwa uso na Colette, magoti yao yanakaribia kugusana, na akamshika mikono yote miwili. Walizungumza mambo ya kawaida. Bei ya nyumba. Binti wa Lorraine aliyeolewa katika mji wa Beverley. Dirishani ukungu ulikuwa mzito, hata maegesho ya magari hayakuonekana.

Ikafika saa ya chakula cha mchana.

Colette akakatiza neno katikati.

Macho yake yakapanda, juu ya bega la Lorraine, yakatulia hapo. Kidevu chake kikainuka kidogo. Lorraine anasema kilikuwa kama kidevu cha mtoto anayelishwa, anaposhikwa taratibu na vidole viwili. Midomo ikafunguka. Ikafungwa. Koo likataka kumeza.

"Usimeze," Lorraine akanong'ona. Alikuwa bado ameishika mikono yote miwili. "Colette. Fungua mdomo."

Colette akafungua. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Katikati ya ulimi palikuwa na kidonge kidogo cheupe, cha mviringo.

Lorraine aliachia mkono mmoja, akakitoa kwa vidole vyenye glavu, akakiweka kwenye kiganja akakitazama. Anakitazama mpaka leo, aliniambia, kila akifumba macho. Kidonge kilichofichwa mdomoni huloa na kuanza kuyeyuka.

Ulimi wa Colette ulikuwa umelowa mate. Kidonge kilikuwa kikavu.